Nani Anaishi Kisimani?

Jumamosi moja ya masika mwaka jana, baada ya mvua ya siku tatu mfululizo, bibi mmoja wa hapa Kibokoni aliniletea mjukuu wake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa akiendesha tangu alfajiri. Macho yamezama, ulimi mkavu, na nilipoifinya ngozi ya tumbo ilikawia kurudi mahali pake. Alikuwa wa pili kutoka nyumba hiyo hiyo katika juma moja.

Tulimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko baada ya kijiko, pale pale kwenye kiti cha wagonjwa, kwa muda wa saa nne. Kufikia adhuhuri alikuwa ameanza kulia machozi ya kweli. Wazazi wengi hawajui kwamba mtoto mkavu akilia machozi, daktari hufurahi. Ndipo nilipomuuliza bibi swali ambalo huwauliza wote: mnakunywa maji ya wapi?

"Ya kisimani, daktari. Lakini usikisingizie kisima. Babu zetu waliyanywa maji haya, nasi twayanywa. Tena yana chumvi kidogo, na chumvi huua kila kitu."

Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi tangu nianze kutibu katika Mji wa Kale, na aghalabu watoa hoja ni watu wenye akili zao timamu na umri wa kuniita mwana. Haifai kuijibu kwa dharau. Basi jioni ile nikafunga zahanati, nikamfuata bibi nyumbani kwake.

Kisima chenyewe kiko ndani ya ua. Kimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, mdomo wake umejengwa kwa mawe na chokaa, na jiwe la ukingoni limeliwa na kamba hadi likafanya mifereji midogo. Ni wakfu. Mifereji ya mjini inapokauka, majirani wa uchochoro mzima huja na ndoo zao. Nilihesabu hatua kutoka kisimani hadi kwenye mfuniko wa karo la choo: hatua kumi na moja. Wataalamu wa maji hupendekeza angalau mita 30 baina ya choo cha shimo na kisima, na zaidi ya hapo mwamba ukiwa na nyufa. Lakini jamani, huku kwetu mita 30 ni nyumba tatu! Ukiepuka karo lako unaangukia la jirani.

Na mwamba wetu una nyufa. Kisiwa cha Mvita kimekaa juu ya matumbawe ya kale, yaliyotobokatoboka kama sifongo. Maji matamu ya mvua hupenya na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ndiyo maana visima vya karibu na pwani hupanda na kushuka kidogo maji yanapojaa na kupwa, na ndiyo maana kisima cha ndani ya Ngome ya Yesu kilikuwa na maji ya chumvi yasiyofaa kunywewa. Mchanga huchuja maji polepole, lakini ufa katika jiwe ni barabara. Uchafu ukiingia upande mmoja hauchelewi kutokea upande wa pili.

Nilichota sampuli mbili. Moja niliipeleka kwenye maabara moja ambayo sitaitaja. Ya pili niliitia katika chupa ndogo yenye karatasi iliyolowekwa dawa, kipimo cha bei nafuu kilichoelezwa na wanasayansi wa India mwaka 1982. Bakteria wengi wanaoishi matumboni, na wengine wanaofuatana nao, hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo katika dawa, maji huwa meusi kama wino. Chupa huwekwa mahali pa joto la kawaida, na hapa Mombasa joto hilo tunapewa bure.

Asubuhi ya pili chupa yangu ilikuwa nyeusi tititi. Siku ya tano ikaja karatasi ya maabara: hakuna kilichoota, maji ni safi.

Msomaji, ungemwamini nani?

Nilichunguza. Sampuli yangu niliikabidhi saa nne asubuhi, nayo ikakaa kwenye meza bila barafu hadi alasiri ya siku iliyofuata. Sampuli ya maji hutakiwa iwekwe kwenye ubaridi na ipimwe ndani ya saa chache, na ikizidi sana isivuke saa 24. Kwa upande wa pili, chupa nyeusi nayo haitoi hukumu. Wako bakteria wa udongoni wasio na ubaya wanaoweza kuifanya nyeusi. Chupa hupiga kelele "mwizi!" bila kukuonyesha uso wa mwizi.

Hata hivyo, hata maabara hiyo ingefanya kazi yake barabara, karatasi iliyoandikwa "hakuna kilichoota" haina maana ya "hakuna aliye hai." Jambo hili limewasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Njia ya kale ya kuwatambua viini ni kuwafuga. Unachukua tone la maji, unalimwaga juu ya kitu cha kugandisha chenye chakula, unasubiri viini vizaane hadi vionekane kwa macho kama madoa. Kitu chenyewe huitwa agari, nacho hutokana na mwani. Ni zile nyuzi nyeupe tunazogandishia faluda ya Ramadhani! Wala si sadfa. Aliyeileta katika maabara ya Robert Koch, mnamo 1881 na 1882, alikuwa mama wa nyumbani na msaidizi wa maabara, Fanny Hesse, aliyezoea kuitumia jikoni. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakihangaika na gelatini iliyoyeyuka kila joto likipanda. Huwa nafurahi kila nikikumbuka kwamba elimu yetu ya viini imesimama juu ya sahani ya faluda.

Lakini si kila kiumbe hupenda faluda. Mtaalamu akilitazama tone la maji kwa hadubini huona viini vingi mno, na akiwapanda kwenye sahani huota wachache, mara nyingi chini ya mmoja katika mia. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya bahari chaweza kuwa na bakteria milioni tano. Wengi wao hawajapata kufugwa na yeyote.

Anayetuhusu zaidi katika wasioota ni kiini cha kipindupindu. Mwaka 1982, kundi la watafiti akiwemo Bi. Rita Colwell wa Marekani lilionyesha kwamba kiini hicho, kikikutana na hali ngumu majini, hujikunyata, huwa kidogo na cha mviringo, na hukataa kuota kwenye sahani. Hakijafa bali kimelala. Ukipima kwa njia ya kale utaambiwa maji ni safi.

Sasa ikiwa hawafugiki, tutawajuaje? Hapa Mji wa Kale, mgeni akipita uchochoroni, wazee barazani hawamuulizi jina kwanza. Humuuliza: wewe mtoto wa nani? Wakishajua ukoo, mengine wanayajaza wenyewe. Wanasayansi wamefika hapo hapo. Kila kiumbe hai kina mtambo mdogo wa kutengenezea protini, na maandishi ya urithi yanayouhusu mtambo huo hubadilika polepole sana kizazi hadi kizazi, kama jina la ukoo. Mwaka 1977 Carl Woese wa Marekani aliyatumia maandishi hayo kuzipanga nasaba za viumbe wote. Katika miaka ya 1980 Norman Pace na wenzake wakaenda hatua nyingine. Waliyasoma moja kwa moja kutoka kwenye maji na udongo, bila kumfuga yeyote. Leo sampuli ya kisima kimoja yaweza kutoa koo mamia kwa mamia, nyingi zisizokuwa na jina.

Kulijua jina la mtu si kuijua kazi yake. Nani kati yao anafanya kazi na nani amelala tu? Mama mmoja alitaka kujua ni mtoto gani anayeiba sukari. Akaichanganya na manjano kidogo, kisha jioni akatazama vidole. Watafiti nao hufanya hivyo. Huwapa viini chakula chenye kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida, wakasubiri, kisha wakatoa vinasaba vyote na kuvizungusha kwa kasi kubwa katika mashine. Vya waliokula huwa vizito na hushuka chini, vya wasiokula hubaki juu. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 2000 na watafiti wa Uingereza waliotumia udongo wa msituni, na tangu hapo imetumika kote duniani.

Utaniuliza, daktari, yanihusu nini mimi mwenye kisima? Yanakuhusu, kwa sababu baina ya karo lako na kisima chako kuna wafanyakazi usiowaona. Mkojo hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa naitriti, kundi la pili huigeuza naitriti kuwa naitreti. Mrusi Sergei Winogradsky aliligundua hilo mnamo 1890, na viini hao wako kazini usiku na mchana chini ya sakafu zetu. Naitreti haina rangi, haina harufu, na tena kuchemsha hakuiondoi. Kisima chenye naitreti nyingi mtaani kama kwetu ni kisima kinachotuonyesha kilikotoka. Kiwango cha juu kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaopewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo: naitreti nyingi huizuia damu yao isibebe hewa, mtoto akageuka rangi ya kibuluu.

Haya si ya kufikirika tu. Ng'ambo ya mlango wetu wa bahari, pale Mkomani, ipo Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI. Watafiti wake, wakiongozwa na Daniel Munga, walivichunguza visima vya Kisauni, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2006. Waliona maji ya chini ya ardhi ya huko yamo hatarini kwa uchafu wa vyoo vya shimo na makaro. Na Kisauni kuna nafasi kubwa kuliko Kibokoni.

Turudi kwa bibi na chumvi yake. Ni kweli chumvi nyingi huzuia kuoza. Wavuvi wetu walijua hivyo kabla ya vitabu, na ng'onda ni ushahidi. Lakini chumvi ya kisimani ni haba. Na kiini cha kipindupindu, kinyume na wengi, hupenda maji ya vuguvugu, yenye chumvi kidogo na ukali wa chokaa kidogo. Maabara zinazokitafuta hukiweka makusudi katika maji ya namna hiyo ili kistawi. Visima vya kwenye matumbawe vinamtandikia jamvi! Makao yake ya asili ni midomo ya mito na ghuba, ambako hujishikiza kwenye magamba ya vijidudu jamaa ya kamba vinavyoelea majini.

Sisemi kila kisima cha Mvita kina kipindupindu. Koo za kiini hicho zimepita 200, na karibu milipuko yote mikubwa inayojulikana imetokana na mbili tu, zenye uwezo wa kutengeneza ile sumu inayomfanya mtu aendeshe maji kama ya mchele. Uwezo wenyewe ni wa kuazima: mwaka 1996 ilionekana kwamba maandishi ya sumu hiyo hubebwa na kirusi kinachowaingia bakteria. Mtu akikwambia amekiona kiini cha kipindupindu majini, muulize ni wa ukoo gani na ana sumu au hana.

Na hapa wataalamu wamegawanyika. Je, mlipuko hutoka majini palepale, au huja na wasafiri? Sisi wa Pwani tuna shahidi wa kale. Daktari James Christie, aliyekuwa tabibu Unguja, aliliona janga la 1869 na 1870 kwa macho yake, na mwaka 1876 akachapisha kitabu juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki. Alikuwa na kalamu na subira tu. Aliwauliza watu wa misafara na wa majahazi, akafuata nyayo za ugonjwa kutoka bara hadi Pwani. Kwake yeye, ugonjwa ulitembea kwa miguu ya watu.

Aina iliyoenea siku hizi huitwa El Tor, kwa jina la kituo cha karantini huko Sinai ambako ilipatikana mwaka 1905 miongoni mwa mahujaji waliokuwa wakirejea. Janga lake lilianza Indonesia mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970 na Kenya mwaka 1971. Mwaka 2017 watafiti wa nchi nyingi walisoma nasaba za viini zaidi ya 1,000 vilivyokusanywa Afrika kwa miaka mingi. Walikuta kwamba ugonjwa uliingia bara hili angalau mara 11 tangu 1970, kila mara kwa asili ya Asia. Yaani Christie na daftari lake hakuwa mbali na ukweli. Maji ya bahari yana sehemu yake, mvua na joto vina sehemu yao (tulioyaona mafuriko ya El Niño ya 1997 na kipindupindu kilichofuata hatuhitaji kuelezwa), lakini kwa milipuko mikubwa mbebaji mkuu ni binadamu na choo chake. Maoni yangu mimi ni kwamba habari hiyo ni njema. Bahari hatuwezi kuifunga. Choo twaweza kukijenga.

Bi. Colwell alitupa pia jambo dogo la kufanya. Kwa kuwa kiini hujishikiza kwenye vijidudu vikubwa kuliko yeye, yeye na wenzake waliwafundisha wanawake wa vijiji 65 vya Bangladesh kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Matokeo ya 2003 yalionyesha kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Sisi tuna leso. Leso ya pamba iliyofuliwa mara nyingi, ikikunjwa matabaka manane, bila shaka itazuia mengi. Jaribio lakini lilikuwa la sari, na maji ya mto na bwawa. Usinichukulie leso kuwa ndiyo dawa. Chuja kwanza, kisha tia dawa ya klorini inayouzwa madukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na subiri dakika 30. Au chemsha hadi yatokote sawasawa. Baada ya hapo yaweke katika chombo chenye mdomo mwembamba au bomba. Kata inayochovywa na kila mkono hukirudisha kisima ndani ya mtungi. Na kwa mtoto anayeendesha: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, pamoja na vidonge vya zinki ambavyo zahanati yoyote itakupa kwa siku 10 hadi 14. Kama hawezi kunywa, amelegea, au kinyesi kina damu, usingoje asubuhi.

Yule mjukuu nilikuwa sijui, na mpaka leo sijui, ni kiini gani kilichomuangusha. Pengine hata hakikutoka kisimani. Wapo virusi wanaopita mkononi kwa mkono na wala hawahitaji maji. Nilimwambia bibi hivyo, kwa sababu daktari akidanganya kwa nia njema siku moja hugunduliwa.

Mwanawe, ambaye ndiye msimamizi wa wakfu, alitaka kukifunga kisima kwa zege. Mimi nilimkataza. Kikifungwa, majirani maskini watanunua maji ya mkokoteni, na katika mitungi ya mkokoteni nimewahi kutia chupa zangu pia. Baadhi zilikuwa nyeusi vilevile, ila mtu amezilipia. Tulikubaliana kisima kibaki cha kufulia, kusafishia na kumwagia chooni, kiwekewe mfuniko na ndoo moja yake yenyewe, ukingo uinuliwe na sakafu izibwe ili maji ya uani yasirudi ndani. Karo lilitapishwa kabla ya vuli. Ya kunywa hutiwa dawa katika pipa lenye bomba lililowekwa mlangoni, na anayetia dawa ni bibi mwenyewe. Hamwamini mtu mwingine.

Nilipita tena mwezi wa Januari na chupa mbili. Ya pipani ilikaa siku tatu bila kubadilika rangi. Ya kisimani iligeuka nyeusi usiku wa kwanza.